Neno Moja, Viti Vitatu: Jinsi ya Kujua Neno la Kiingereza Limekuja Kama Kitenzi, Nomino au Kivumishi

Nafundisha Kiingereza cha jioni hapa Dar. Darasa ni la mchanganyiko: wauza duka wa Kariakoo, wahudumu wa hoteli, bodaboda, na vijana waliomaliza la saba wanaojiandaa kuingia sekondari, ambako ghafla karibu kila somo linageuka Kiingereza. Wanafunzi wanabadilika kila baada ya miezi mitatu. Swali halibadiliki: "Ticha, hili neno hasa ni nini?"

Mara ya mwisho lililetwa na kijana anayekatisha tiketi Stendi ya Magufuli, pale Mbezi. Kampuni yake ilikuwa imeanza kuuza siti kwa simu, na juu kabisa wameandika "Book your seat now". Akafungua kamusi ya kwenye simu, akaambiwa book ni kitabu. Akakaa nalo siku mbili. Alipokuja darasani aliniuliza kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie: "Sasa ticha, kitabu kiti chako sasa, ndiyo nini?" Walisikia. Hakuna aliyecheka, maana nusu ya darasa walikuwa wanalibeba swali hilo hilo kwa maneno mengine.

Nimechoka kulijibu kwa mdomo, kwa hiyo naliandika.

Kiswahili kinavalisha maneno sare. Kupika, mpishi, mapishi: kila mmoja ana nguo zake, unamtambua toka mbali. Kiingereza hakina utaratibu huo kwa maneno mengi. "Cook" ni kupika na "cook" ni mpishi, herufi zile zile nne. Wa Dar mtanielewa nikisema maneno haya ni madeiwaka, wale vibarua wa daladala wanaoshika nafasi ya mwenzao kwa siku. Jana umemwona kijana ananing'inia mlangoni anadai nauli. Leo dereva kaumwa, kijana yule yule yuko kwenye usukani, na shati ni lile la jana. Ukitaka kujua leo ni konda au dereva, huangalii sura yake, unaangalia amekaa wapi.

Kwa hiyo "hili neno ni nini?" ni swali lisilo na jibu. Lenye jibu ni hili: "hapa limekaa wapi?" Hatua zote zinazofuata ni namna ya kuliuliza swali hilo hilo.

Kabla hujaanza, tafuta vitu hivi

- Kaunta buku, hata ya kwaya moja. Madaftari madogo yanapotea, na hii kazi ni ya miezi.
- Kalamu tatu za rangi tofauti. Mimi natumia nyekundu kwa kitenzi, bluu kwa nomino, kijani kwa kivumishi. Chagua zako, ila ukishachagua usibadilishe.
- Kamusi inayoonyesha aina ya neno. Ile ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI inatosha kabisa. Tafuta herufi ndogo kando ya neno: n ni nomino, vt na vi ni vitenzi, adj ni kivumishi. Programu ya simu inayokupa neno moja la Kiswahili bila herufi hizo, ifute. Ndiyo iliyomponza kijana wa stendi.
- Ukurasa mmoja wa Kiingereza halisi: karatasi ya ndani ya boksi la dawa, maelekezo ya pasi ya umeme, tangazo la gesti, kipande cha gazeti. Vitabu vya sarufi weka pembeni kwanza, sentensi zake zimepigwa pasi mno.
- Dakika 20 kwa siku. Anayesoma saa tatu Jumapili na kulala siku sita, sijawahi kumwona akifika.

Huhitaji kujua nyakati zote za Kiingereza. Unahitaji tu kuyatambua maneno madogo kama the, a, my, to, can na is ukiyaona.

Hatua ya 1: Funika neno kwa kidole

Sifanyi utani. Weka kidole juu ya neno linalokusumbua, usilione. Tatizo la wengi ni kwamba jicho likishaona "water", kichwa kimeshasema "maji", na ukishasema maji hutoki tena hapo. Sentensi ikija "Water the garden every evening", unabaki na "maji bustani kila jioni" na unalaumu Kiingereza.

Ukilifunika, unabaki na tundu: "___ the garden every evening". Jiulize hapo pangekaa nini. Fanya nini kwa bustani? Safisha, lima, mwagilia. Tundu ni la kitenzi. Toa kidole: water hapa ni kumwagilia.

Hatua ya 2: Angalia jirani wa kushoto

Hii ndiyo hatua inayobeba mzigo. Ukikosa muda wa zote, fanya hii. Kila aina ya neno ina wapambe wake wanaotangulia mbele, kama bwana harusi.

Wapambe wa nomino: a, an, the, my, your, his, her, our, their, this, that, some, any, every, no. Pia maneno ya mahali kama in, on, at, for, of, with.

Wapambe wa kitenzi: to, can, will, must, should, may, do not, did not. Pia I, you, we, they yakiwa yamekaa karibu kabisa nalo.

Wapambe wa kivumishi: is, are, was, very, so, too.

Tujaribu na neno moja, "open":

"The shop is open." Kushoto kuna is. Kivumishi: duka liko wazi.

"They open at eight." Kushoto kuna they. Kitenzi: wanafungua saa mbili.

"We slept in the open." Kushoto kuna the, na kulia hakuna kitu. Nomino: tulilala nje peupe.

Umeona saa? Eight ni saa mbili. Hilo nalo huwa linaniharibia kipindi kizima, lakini ni mada nyingine.

*Tahadhari kuhusu "to".* Kuna "to" mbili na zinafanana kama mapacha. "I want to work" ni nataka kufanya kazi, hapo work ni kitenzi. "I go to work" ni naenda kazini, hapo work ni nomino. Jinsi ya kuwatenganisha: chomeka "my" katikati. "I go to my work" inapita. "I want to my work" inakwama kooni. Ikipita, ni nomino. Ikikwama, ni kitenzi. Fanya jaribio hili kwa sauti, sikio lako linajua zaidi ya unavyodhani.

Hatua ya 3: Angalia jirani wa kulia

Wakati mwingine kushoto hakuna mtu, neno limeanza sentensi. Hapo geukia kulia. Ukikuta the, a, my, your, all au any mara tu baada ya neno lako, neno lako karibu hakika ni kitenzi, tena cha amri. Sasa rudi stendi: "Book your seat." Kushoto hakuna kitu. Kulia kuna your, na your anafungua njia kwa nomino yake mwenyewe, seat. Book hawezi kuwa kitabu hapo, kwa sababu hana pa kushika. Ni kitenzi: weka nafasi ya kiti chako.

Ukikuta nomino mbili au tatu zimefuatana, mambo yanageuka. "Water tank." "Bus stop." "School bus driver." Hapo kanuni ni moja: bosi ni wa mwisho, wa mbele yake wote wanampamba. Water tank ni tangi, la aina gani? La maji. Kiswahili kinaanza na bosi, Kiingereza kinammalizia, kwa hiyo soma kinyumenyume ukiwa unaweka "wa" na "la": dereva, wa basi, la shule. Ukigeuza mpangilio unageuza kitu: "tank water" ni maji ya kwenye tangi. Na "car wash" ni nini? Bosi ni wash, kwa hiyo ni mahali pa kuoshea, magari. Ukisema "wash the car", wash yule yule ameshahamia kwenye usukani.

*Kosa la kila mtaa:* "Shoes shop". Neno la mbele linapofanya kazi ya kupamba, kwa kawaida huwa linavua wingi wake. Duka likiwa na viatu elfu kumi bado ni "shoe shop". Nakubali kwamba wako wachache waliogoma, "sports shop" ni mmoja wao, lakini usianze na wagomaji.

Hatua ya 4: Angalia mkia

Mikia ni mitatu, na yote inadanganya kidogo.

Mkia wa -s ni wingi wa nomino, na pia ni alama ya kitenzi cha he, she, it. "The books are here" ni vitabu. "He books the tickets" ni yeye anayeweka nafasi za tiketi. Mkia peke yake haukusaidii, rudi hatua ya 2 uone nani yuko kushoto.

Mkia wa -ed unaweza kuwa kitenzi kilichopita au kivumishi. "I used the phone" ni niliitumia simu. Lakini kwa wauza simu wa Kariakoo, "a used phone" ni kivumishi kila siku ya Mungu, na mteja anauliza "ni mpya au used?" bila kujua amefanya sarufi.

Mkia wa -ing ndio deiwaka mkuu, unakaa viti vyote vitatu. "I am parking" ni kitenzi, naegesha. "No parking" ni nomino, hakuna kuegesha. "Parking fee", ile inayokufuata mpaka kwenye simu, parking inampamba fee.

*Hapa kuna shimo, na wengi wanatumbukia:* vivumishi vya -ed na -ing vinavyohusu hisia. Mhudumu mmoja darasani kwangu alimwambia mgeni "I am very boring today". Alitaka kusema amechoshwa, hana raha. Alichosema ni kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa kuchosha watu. -ing ni anayesababisha, -ed ni aliyepatwa. Foleni ya Mandela Road is tiring. Wewe uliyekaa humo are tired.

Hatua ya 5: Tamka, halafu sikiliza

Kuna maneno ambayo kwenye karatasi hayana tofauti ila mdomoni yanatofautiana, na sisi ndiyo tunayoyaua zaidi. Sababu ni rahisi: Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, bila kukuuliza. Kiingereza kinauhamisha mkazo, na mara nyingine kinauhamisha makusudi ili kukuambia kitenzi au nomino.

Huwa naambia darasa lipige meza kwenye silabi nzito. Nomino, piga mwanzo: RE-cord, IM-port, EX-port, PER-mit, CON-tract. Kitenzi, piga mwisho: re-CORD, im-PORT, ex-PORT, per-MIT, con-TRACT. Wanaofanya kazi na mizigo ya bandarini haya ndiyo maneno yao ya mchana kutwa, kwa hiyo wanayashika mapema kuliko wote. Siku ya kwanza darasa linasikika kama fundi seremala. Siku ya tatu majirani wanazoea.

Mfano ninaoupenda ni "present", kwa sababu kila aliyesoma hapa nchini amewahi kuupiga kelele asubuhi jina lake likiitwa: "Present!" Hapo ni kivumishi, nipo, na mkazo uko mwanzo: PRE-sent. Zawadi nayo ni PRE-sent, nomino. Lakini kuwasilisha kitu mbele ya watu ni pre-SENT, kitenzi. Miaka saba ya mahudhurio, na wengi hawajawahi kuambiwa neno lile lilikuwa aina gani.

Kundi la pili linabadilisha sauti ya mwisho. "Use" ikiwa nomino inaishia kwa s, yuus. Ikiwa kitenzi inaishia kwa z, yuuz. "House" vivyo hivyo, haus ni nyumba, hauz ni kumpa mtu makazi. "Close" ikiwa kivumishi, karibu, ni klous. Ikiwa kitenzi, funga, ni klouz.

*Tahadhari:* usitoke hapa ukahamisha mkazo kwenye kila neno. Report, reply, answer, visit, promise na support hazihami, ziwe kitenzi au nomino.

Hatua ya 6: Andika viti vyote vya neno moja

Fungua kaunta buku. Kila neno lipe ukurasa wake, usibanane. Andika neno juu, chini yake sentensi moja kwa kila kiti, kila moja kwa rangi yake. Sentensi ziwe zako, za maisha yako. Ukurasa wangu wa "back" uko hivi:

"My back hurts." Nomino: mgongo unaniuma, baada ya kusimama toka Gongo la Mboto mpaka Posta.

"Use the back door." Kivumishi: tumia mlango wa nyuma.

"Back the car slowly." Kitenzi: piga rivasi taratibu.

Back anacho na kiti cha nne, "come back", rudi, hapo ni kielezi. Kiweke pembeni kwanza.

Maneno ya wiki ya kwanza ninayowapa wanafunzi ni haya: open, clean, dry, empty, light, back, water, cook, work, drink. Mawili kwa siku, Jumamosi na Jumapili unarudia. Light ni tamu sana: "the light" ni taa, "a light bag" ni begi jepesi, "light the stove" ni washa jiko.

Hatua ya 7: Pita kwenye ukurasa halisi

Chukua tangazo. Hili nimeliandika kwa mtindo wa yale ya kwenye gesti zetu:

"Please do not empty dirty water into the sink. Place all empty bottles in the bin. Report any leak at the front desk."

Twende taratibu. "Empty" ya kwanza: kushoto kuna do not, kwa hiyo ni kitenzi, usimwage. "Dirty" imekaa mbele ya water, inampamba. "Water" ni nomino, ndicho kinachomwagwa. "Sink" ina the kushoto, nomino, ingawa kwingine sink ni kuzama. "Place" inaanza sentensi na kulia ina all, kwa hiyo ni kitenzi: weka. Wengi hapa wanaandika "mahali", halafu sentensi nzima inawafia mikononi. "Empty" ya pili imebanwa kati ya all na bottles: kivumishi, chupa tupu. "Report" inaanza, kulia ina any: kitenzi, toa taarifa. "Leak" ina any kushoto na kulia hakuna nomino ya kupamba: nomino, uvujaji. "Front desk", bosi ni desk, front anampamba: mapokezi.

Sasa ndiyo tafsiri inakuja, yenyewe: tafadhali usimwage maji machafu kwenye sinki, weka chupa tupu zote kwenye pipa la taka, toa taarifa mapokezi ukiona panapovuja. Tafsiri ni ya mwisho. Aliyeanza nayo anarudi mwanzo.

Maneno yenye ajira ya kudumu

Ukishaonja uhuru huu kuna hatari ya kudhani kila neno ni deiwaka. Hapana. Yako yaliyoajiriwa moja kwa moja, hayakai kiti cha mwenzake, na kwa bahati mbaya ndiyo tunayoyatumia kila siku.

"I will success" hakuna. Success ni nomino, kitenzi chake ni succeed. "Plot for sell" hakuna pia, japo imepigwa rangi kwenye kuta nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Baada ya for tunataka nomino, nayo ni sale. Ndiyo maana wakati mwingine naona afadhali "nyumba hii haiuzwi", hiyo angalau haina kosa. Choice ni nomino, choose ni kitenzi. Life ni maisha, live ni kuishi. Death ni kifo, die ni kufa, dead ni aliyekufa: "he is death" inamfanya marehemu kuwa kifo chenyewe.

Advice yenye c ni nomino, advise yenye s ni kitenzi. Kwa tahajia ya Uingereza, ambayo ndiyo tunayoifuata mashuleni, practice na licence za nomino zina c, na za kitenzi zina s. Marekani wanaandika practice na license kwa zote mbili. Kwa hiyo ukikuta "driver license" kwenye simu na "driving licence" kwenye leseni yako, hakuna aliyekosea.

Na kuna lile langu. Nikiwa kijana nilienda kutafuta kazi kwenye hoteli moja ya mjini. Wakaniuliza habari za familia. Nikasema kwa kujiamini, "My mother is a good cooker." Nilijiambia teach anayefundisha ni teacher, drive anayeendesha ni driver, kwa hiyo cook anayepika ni cooker. Yule bwana akatabasamu, akaandika kitu. Cooker ni jiko. Nilikuwa nimemwambia mama yangu ni jiko zuri. Kazi sikupata, na mama nilimwambia miaka mingi baadaye.

Ukikwama

*Neno liko peke yake, halina jirani.* Hii ni ya simu hasa. Kitufe cha kubonyeza mara nyingi ni kitenzi, kwa sababu kinakuambia kitakachofanyika: Save, Share, Copy, Reply. Likiwa na namba kando, kama "12 shares", limekuwa nomino.

*Kichwa cha habari cha gazeti hakieleweki.* Waandishi wanakata the, a na is ili kubana nafasi, wapambe wote wamefukuzwa. Tafuta kitenzi kwanza. Chukua "Fire victims demand answers". Ukisoma demand kama nomino, unakuwa na nomino nne bila kitendo, jambo ambalo haliwezi kuwa habari. Demand lazima iwe kitenzi: waathirika wa moto wadai majibu.

*Kamusi imenipa maana kumi.* Usisome zote. Amua aina kwa hatua ya 2 na 3, halafu nenda moja kwa moja kwenye herufi yake. Kumi zinabaki mbili au tatu.

*Nimepata aina, lakini maana haina undugu na ile ninayoijua.* Huenda si deiwaka, ni watu wawili wenye jina moja, kama akina Juma wawili wa mtaa mmoja. Can ya kuweza na can ya kopo hawana ukoo. Mine ya yangu na mine ya mgodi nao pia. Bear ya dubu na bear ya kuvumilia vile vile. Wape kurasa mbili tofauti.

*"You are welcome" au "you are welcomed"?* Ukimkaribisha mtu au ukijibu asante, welcome bila mkia. Hapo ni kivumishi tayari, usikiongezee nguo.

*Kwa nini Kiingereza kiko hivi?* Zamani hakikuwa hivi. Miaka elfu moja iliyopita kilikuwa na mikia ya kutofautisha: lufu ilikuwa upendo, lufian ilikuwa kupenda. Mikia ikachakaa karne kwa karne mpaka zote mbili zikabaki love. Mpangilio wa maneno ndio uliobaki kufanya kazi ya mikia, na ndiyo maana mwongozo huu wote unazungumzia viti.

*Naweza kugeuza neno mwenyewe?* Kwenye maongezi, watu wanageuza kila siku. Google lilikuwa jina la kampuni, na mwaka 2006 kamusi kubwa ya Oxford ikaliingiza kama kitenzi. Sisi wenyewe hatukusubiri ruhusa ya mtu kusema kuchati na kuposti, tumewavisha ku- wakaanza kazi siku hiyo hiyo. Ila kwenye mtihani na barua ya kazi, usigeuze neno ambalo hujaliona kwenye kamusi limekaa kiti hicho.

*Nitajuaje nimeiva?* Kuna sentensi moja ya kutegea watu ninayowaandikia ubaoni mwezi wa pili ukiisha: "The old man the boats." Maneno matano, na darasa zima linadai nimesahau kitenzi. Funika, angalia kushoto, angalia kulia. Kama bado unaona mzee mmoja, umesoma sura badala ya kiti. Man amefuatwa na the, kwa hiyo ni kitenzi: kukaa chomboni kama mabaharia. Hapo old imebaki peke yake na the, hakuna wa kumpamba, kwa hiyo ni nomino: wazee. Wazee ndio mabaharia wa mashua. Kijana wa Stendi ya Magufuli aliipata kwa dakika nne, kidole kikiwa juu ya man.